Maswali Yenu: Majabali Meusi ya Iceland na Ndege Wake

Barua nyingi za toleo hili zinahusu pwani za mawe ya volkano nchini Iceland: namna ya kuzitembea kwa usalama, na namna ya kuwaona ndege wa baharini wanaotaga kwenye magenge yake. Wengi wa ndege hao hawana majina ya Kiswahili, kwa hiyo tumetumia ya Kiiceland, ambayo mtayakuta pia kwenye vibao vya huko. Lundi ni yule mwenye mdomo wa rangi, ambaye kwingine huitwa pafini. Wengine, yaani langvía, álka, rita, fýll na kría, tutawaeleza kadiri tunavyoendelea.

SWALI: Nina siku sita tu, na nia yangu kubwa ni kuwaona lundi. Niende mwezi gani, na niwaangalie saa ngapi?

JIBU: Nenda kati ya tarehe 10 Juni na 10 Julai. Lundi hufika mwishoni mwa Aprili na huanza kuondoka katikati ya Agosti, na watu wengi wakishasikia hivyo hudhani siku yoyote ndani ya kipindi hicho ni sawa. Si sawa. Langvía na álka, wanaoishi kwenye magenge hayo hayo, huondoka mapema zaidi. Kinda wao hujirusha baharini akiwa na umri wa wiki tatu hivi, kabla hata hajajua kuruka, na baba yake humfuata majini kumlea huko. Kufikia mwisho wa Julai, genge lililokuwa limejaa kelele na harufu hubaki na michirizi ya kinyesi tu. Anayekwenda Agosti huwapata lundi wa mwisho mwisho na jabali lililonyamaza.

Saa zina uzito kuliko hata mwezi. Mchana lundi wengi wako baharini wanavua, na mteremko unaweza kuwa mtupu kabisa. Hurudi jioni, kuanzia kama saa mbili usiku, na wengine huonekana tena alfajiri. Usiogope neno "usiku": mwezi wa Juni jua la huko huzama karibu saa sita, na mwanga wa saa nne ndio mzuri kuliko wote kwa macho na kwa kamera. Wageni wanaofika saa saba mchana kwa basi huondoka wakisema lundi hawapo, ilhali wangesubiri hadi baada ya chakula cha jioni wangewakuta kwa mamia.

Kwa siku sita usizunguke kisiwa. Barabara namba 1 pekee ina zaidi ya kilomita 1,300, na utaishia kuona vioo vya gari. Lala siku mbili karibu na kijiji cha Vík, kama kilomita 187 kutoka Reykjavík, kwa ajili ya rasi ya Dyrhólaey na mchanga mweusi. Kisha lala siku mbili kwenye rasi ya Snæfellsnes, upande wa Arnarstapi. Rudi kwenye jabali lile lile asubuhi na jioni. Kabla ya kwenda Dyrhólaey angalia tangazo la siku hiyo: Mei na Juni, wakati wa kutaga, sehemu zake hufungwa kabisa au hufunguliwa kwa saa maalumu.

Kama lundi ndiye sababu pekee ya safari, tungekushauri uiache Vík na uelekee Látrabjarg, kaskazini magharibi. Ni genge la kilomita 14, lenye kimo cha hadi mita 441, na lundi wake hawashtuki ovyo kwa watu. Kufika huko ni safari ya siku nzima kwa gari, sehemu kubwa ya mwisho ikiwa barabara ya kokoto, kwa hiyo panga kulala huko siku mbili au usiende.

SWALI: Jamaa yangu alizuiwa kushuka ufukwe wa Reynisfjara, karibu na Vík, siku ambayo bahari ilikuwa tulivu kabisa. Bahari tulivu ina hatari gani?

JIBU: Ina hatari kuliko bahari inayopiga kelele, na tunaomba swali hili lisomwe na kila anayepanga safari hiyo, kwa sababu watu wamekufa pale.

Mawimbi yanayoletwa na upepo wa hapo hapo hupasuka kila baada ya sekunde sita au nane. Unayaona, unayasikia, unajikinga. Mawimbi marefu ni kitu kingine. Huzaliwa na dhoruba za mbali katika Atlantiki, na hufika yakiwa yameachana kwa sekunde 14 hadi 18. Katikati yake maji hulala, na mtu anayetazama kwa dakika tano huamini bahari imetulia. Nguvu ya wimbi hukua kwa mraba wa kimo chake na kwa muda unaolitenga na lijalo. Wimbi la mita 3 linalokuja kila sekunde 16 lina nguvu mara mbili ya wimbi la mita 3 linalokuja kila sekunde 8, ingawa kwa macho yako yanalingana.

Kusini mwa Reynisfjara hakuna nchi kavu mpaka Antaktika. Sakafu ya bahari nayo huzama ghafla karibu na ufukwe, hivyo wimbi halipati mahali pa kupunguzia nguvu kabla ya kufika miguuni pako. Mawimbi mawili yakifikiana na kuungana, maji hupanda ufukweni makumi ya mita kupita alama ya wimbi lililotangulia.

Maji yanapofika mara nyingi huwa ya magotini tu. Yanayoua ni yale yanayorudi. Kokoto na mchanga chini ya nyayo huteleza pamoja nayo, mtu hukaa chini bila kupenda, na wimbi la pili humkuta ameshaburutwa. Hata kiangazi maji ni ya nyuzi 10 hivi. Baridi hiyo humfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kujizuia, na pumzi ya kwanza ikivutwa chini ya maji ndiyo huwa ya mwisho. Anayejitosa kumfuata huongeza mtu wa pili wa kuokolewa. Piga 112, namba ya dharura, usimwondolee macho aliyechukuliwa, nyoosha mkono kuelekea alipo ili waokoaji wamwone.

Mlangoni pa ufukwe kuna kibao chenye taa za tahadhari. Ikiwa nyekundu, baki juu. Ikiwa rangi nyingine, bado fanya hesabu yako mwenyewe: tazama utabiri wa mawimbi, kimo pamoja na sekunde. Ukifika simama juu dakika 20 nzima bila kushuka, utafute mstari wa juu kabisa wa mchanga uliolowa, kisha ukae angalau mita 30 nyuma ya mstari huo. Usiipe bahari mgongo, hasa unapopiga picha. Siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji kujaa huula ufukwe, na njia iliyopita mbele ya nguzo za mawe hufungika. Pango la Hálsanefshellir ndilo hatari zaidi, kwa kuwa nyuma yako ni ukuta wa wima na mbele ni maji. Usiingie ikiwa maji yamelifikia walau mara moja tangu ufike.

SWALI: Zile nguzo za mawe zenye pande sita zimepangika kama mbao za fundi. Zimetokeaje? Na kwa nini mahali pengine zimelala au zimepinda?

JIBU: Ni nyufa. Lava ya basalti hutoka ardhini ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200. Ikishaganda huendelea kupoa, na inapopoa husinyaa. Jiwe likiwa limeshikwa pande zote haliwezi kusinyaa kwa pamoja, kwa hiyo hupasuka. Majaribio yaliyofanywa kwa basalti ya volkano ya Eyjafjallajökull yalionyesha kwamba nyufa huanza jiwe likiwa bado na nyuzi kati ya 840 na 890, yaani lingali la moto sana.

Ufa mmoja haukidhi. Nyufa tatu zinazokutana kwa pembe zinazolingana huondoa mkazo mwingi kwa ufa mchache kuliko mpangilio mwingine wowote, na ukiziunganisha nyufa za namna hiyo unapata maumbo ya pande sita. Si zote, lakini. Hesabu ukiwa pale: utakuta za pande tano nyingi, na za nne au saba hapa na pale. Lava iliyopoa polepole hutoa nguzo nene, iliyopoa haraka hutoa nyembamba.

Kulala na kupinda kunaeleweka ukikumbuka jambo moja: ufa husafiri kutoka upande uliopoa kuelekea ndani, na nguzo husimama wima juu ya uso huo. Lava iliyotanda kama ziwa ilipoa kutoka juu na chini, ikatoa nguzo zilizosimama. Lava iliyojaza ufa wa wima ardhini ilipoa kutoka kuta mbili za pembeni, nguzo zake zikalala kama kuni zilizopangwa. Iliyoziba bomba au bonde dogo ilipoa kutoka pande zote, ndiyo zikapinda kama mbavu. Pale Hellnar, kijiji cha Snæfellsnes, kwenye mwamba wa Valasnös na pango la Baðstofa, utaona nguzo zilizopinda. Simama ujiulize baridi ilikuwa upande gani.

Si kila jiwe jeusi ni basalti ngumu. Dyrhólaey ilianza kwa mlipuko uliotokea baharini, na sehemu yake kubwa ni majivu ya volkano yaliyoshikamana kuwa jiwe la rangi ya kahawia. Jiwe hilo humomonyoka kirahisi. Ndiyo maana ukingo wake hauaminiki hata mahali panapoonekana pana na imara.

SWALI: Muuzaji ananishawishi ninunue darubini ya 12x50 kwa kuwa "inavuta mbali zaidi". Nimsikilize?

JIBU: Hapana. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kinachokuzwa si ndege peke yake. Mtetemo wa mikono yako nao unakuzwa, na kwenye genge la Iceland upepo wa mita 10 kwa sekunde ni siku ya kawaida. Darubini ya 12 hutoa picha inayocheza, na uwanja wake mwembamba unamkosa lundi anayepita kwa kilomita 80 kwa saa.

Nunua 8x42. Ukigawa 42 kwa 8 unapata kama milimita 5, upana wa mwanga unaoingia jichoni, unaotosha hata chini ya mawingu mazito. Hakikisha imezibwa isiingize maji na imejazwa naitrojeni, la sivyo itaota ukungu ndani ukitoka kwenye gari lenye joto. Ukiwa na nafasi ya mzigo ongeza darubini kubwa ya kusimamisha kwenye tripodi, yenye ukuzaji wa 20 hadi 60, kwa kukagua rafu za mbali. Ishushe tripodi hadi chini, ukae. Ukiisimamisha kwa urefu wako upepo utaitikisa hata kama ni ya bei kubwa.

Kosa linaloharibu darubini nyingi huko ni kufuta lenzi kwa kitambaa kikavu. Mchanga mweusi una vipande vya kioo cha volkano, na chumvi ikikauka huwa chembe ngumu. Kwanza puliza, kisha mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, ndipo ufute taratibu.

SWALI: Nikiwa juu ya genge, ndege wote wanaonekana weusi kwa weupe. Nitawatofautishaje?

JIBU: Anza na mahali, halafu mdomo. Kila ndege ana ghorofa yake. Lundi huishi juu kabisa, kwenye majani, kwa sababu huchimba shimo la kama mita moja na kutaga yai moja ndani. Langvía hujipanga bega kwa bega kwenye rafu nyembamba zilizo wazi. Ana mdomo mwembamba uliochongoka, na baadhi yao wana pete nyeupe kuzunguka jicho na mstari mweupe unaorudi nyuma, kama miwani. Álka hupenda mianya na mapango madogo. Mdomo wake ni mnene, umebanwa pembeni, una mstari mweupe unaoukata. Rita ni shakwe mdogo anayegandisha kiota cha tope na majani kwenye ukuta mtupu. Miguu yake ni myeusi, na ncha za mabawa ni nyeusi tupu kana kwamba zimechovywa wino.

Anayepita mbele yako bila kupiga mabawa, ameyakaza kama ubao, ni fýll. Utazame mdomo wake: juu yake kuna bomba la kutolea chumvi. Usimkaribie kwenye kiota. Hutema mafuta yenye uvundo, na harufu yake ikishaingia kwenye koti haitoki kwa kufua.

SWALI: Nitajuaje kuwa nimewasogelea ndege kupita kiasi? Na ni kweli kwamba kría hushambulia watu?

JIBU: Ndege husema mapema, ila husema kwa mwili. Lundi aliyetulia hukaa ameinamisha kifua au hujisafisha. Akisimama wima, akanyoosha shingo na kugeuza kichwa upande huu na huu, simama hapo hapo. Ukimwona anazunguka angani na samaki mdomoni, anapita juu yako mara ya pili na ya tatu bila kutua, basi umekaa mlangoni pake na kinda ana njaa chini ya miguu yako. Ondoka upesi, hata kama picha ni nzuri. Langvía wanaoanza kutikisa vichwa kwa pamoja wako karibu kuruka. Yai lao liko juu ya jiwe tupu bila kiota, na rafu nzima ikiruka kwa mshtuko mayai hubiringika baharini, na shakwe wakubwa huchukua yaliyobaki.

Kwa hiyo kaa chini, vaa rangi zilizofifia, na uwaache wao wakusogelee. Usikanyage majani ya ukingoni: pametobolewa na mashimo ya lundi na panaweza kukatika na wewe. Penye kamba baki nyuma ya kamba. Pasipo na kamba, kama Látrabjarg, lala kifudifudi mbali na ukingo, uzito usambae, uchungulie kutoka hapo.

Kuhusu kría, yaani buabua wa Aktiki, ni kweli. Ana uzito wa gramu 100 hivi na hamwogopi yeyote. Hutaga kwenye kokoto na nyasi fupi, na Arnarstapi hukutana na watu kando ya njia kabisa. Hupiga sehemu iliyo juu zaidi, basi inua kijiti au mguu wa tripodi juu ya kichwa na uendelee kutembea kwa mwendo wako. Usisimame kumtazama, usimpige, usikimbie ovyo, kwani mayai yana rangi ya kokoto na utayakanyaga. Karibu na kijiji cha Rif makinda hutembea barabarani, endesha polepole sana. Ndege huyu anastahili subira yetu. Vifaa vidogo walivyofungwa kría wa Greenland na Iceland vilionyesha kwamba husafiri kwa wastani kilomita 70,000 na ushei kwa mwaka, hadi Antaktika na kurudi, na baadhi yao huteremka wakifuata pwani ya magharibi ya Afrika.

SWALI: Picha zangu za mchanga mweusi hutoka za kijivu, na vifua vya ndege huungua vyeupe. Ninakosea wapi?

JIBU: Kamera hudhani kila kitu kina wastani wa kijivu. Ikiona weusi mwingi huongeza mwanga. Punguza mwenyewe, hatua moja kamili chini ya inavyopendekeza, kisha utazame kama kifua cheupe bado kina alama za manyoya. Kwa lundi anayeruka tumia kasi ya shata ya 1/2000 au zaidi, lenzi ya milimita 300 hadi 400. Usimkimbize kwa lenzi. Lundi huzunguka kwa njia ile ile mara kadhaa kabla ya kutua, na ukishaijua njia hiyo utamsubiri hapo.

SWALI: Je, naweza kutembelea kisiwa cha Surtsey?

JIBU: Hapana. Kilizuka baharini tarehe 14 Novemba 1963, na tangu 1965 huingiwa na watafiti wachache tu kwa kibali, ili mimea na ndege vijianzie vyenyewe. Panda feri kwenda kisiwa cha Heimaey, nenda rasi ya Stórhöfði. Siku yenye anga safi utakiona kusini magharibi, na lundi utawapata mbele yako.

SWALI: Tunakwenda na watoto wawili, wa miaka saba na kumi. Njia ipi inafaa, na tuwavishe nini?

JIBU: Njia ya Arnarstapi hadi Hellnar, kama kilomita 2.5 kwenda. Wapeni saa mbili, si moja, maana kuna tao la Gatklettur, mashimo ambayo bahari hupumulia, na rita walio karibu kiasi cha kuonekana bila darubini. Sehemu ya njia hupita juu ya lava yenye ncha kali, kwa hiyo viatu viwe vya kufunika kifundo na soli nene ya mpira yenye mifereji. Mtoto akianguka hutanguliza viganja, na lava hukata kama kikwaruzo: glavu nyembamba hata siku ya joto. Sufu ndani, nguo ya kuhifadhi joto katikati, koti na suruali visivyopitisha maji juu. Pamba ikilowa hubaki baridi kutwa. Mwavuli acheni nyumbani. Waelezeni watoto wasikanyage mimea laini ya kijani iliyofunika lava, kwani hukua kwa miongo, na alama ya kiatu hubaki.

Upepo ukitabiriwa zaidi ya mita 15 kwa sekunde, ahirisheni magenge na mshike mikono ya watoto hata kwenye maegesho. Egesheni gari likiutazama upepo, na milango ifunguliwe mmoja baada ya mwingine, na mtu mzima, kwa mikono miwili. Mlango uliong'olewa na upepo ni hasara ambayo mara nyingi bima ya gari la kukodi haiigusi, na kidole cha mtoto kikiwa karibu na bawaba huwa ni zaidi ya hasara.